Harusi na picha kwenye mchanga wa Sharqiya, Oman: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotaka kufanya sherehe ya harusi, au walau kupiga picha za harusi, kwenye jangwa la Sharqiya nchini Oman. Wengi wanaouliza ni familia ambazo nusu yao wako Muscat na nusu wako Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, na harusi imekuwa ndiyo njia ya kukutana. Asiye na jamaa Oman naye atapata la kumfaa.

Ni jangwa gani hasa, na liko umbali gani?

Ni Ramlat al-Sharqiya. Wazee na ramani nyingi bado huliita Wahiba, kwa jina la kabila la Bani Wahiba. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12,500. Kutoka Muscat hadi miji ya Bidiyah na Al Wasil, ambako lami inakutana na mchanga, ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa barabara nzuri. Upande wa kaskazini ndiko kwenye vilima virefu, vingine vikifika mita 100, na rangi yake inaelekea uchungwa. Ukishuka kusini kuelekea baharini mchanga unazidi kuwa mweupe. Kambi nyingi za wageni ziko kaskazini, na ndiko ninakowashauri mbaki.

Kuna wanaotaka Rub' al-Khali, jangwa kubwa kuliko hili. Vilima vyake ni vya ajabu, lakini safari yake ni ya watu wawili na mpiga picha. Usimpeleke huko mama mkwe.

Tuchague mwezi gani?

Kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi. Mchana wa Januari ni kama nyuzi 25, usiku baridi inashuka hadi inahitaji koti na blanketi, na asubuhi mara nyingine kuna umande wa kulowesha viti. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40 na kumweka bibi harusi mwenye gauni zito juani ni kumtesa. Aprili na Oktoba ni bahati nasibu.

Jambo wanalolisahau wengi ni Ramadhani. Miaka hii inaangukia katikati ya msimu wa baridi: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 karibu na tarehe 28 Januari, kwa kutegemea mwandamo. Kwa hiyo kalenda yenu ya miezi mitano kwa kweli ni ya minne. Mwisho wa wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo kambi hujaa familia kutoka Muscat wanaokuja kuendesha magari kwenye vilima. Mkipata Jumatatu au Jumanne, mchanga utakuwa na alama chache za matairi na kambi itawasikiliza vizuri zaidi kuhusu bei.

Sherehe ianze saa ngapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na karibu kila ratiba ninayoletewa imeanza upande usio sahihi. Watu hupanga kama wanavyopanga ukumbini: chakula cha mchana, hotuba, kisha picha “jioni jioni”. Jangwani ratiba huhesabiwa kurudi nyuma kutoka Magharibi. Jua ndilo lenye harusi. Sisi wengine wote ni waalikwa.

Kwanza ondoeni mazoea ya nyumbani. Dar au Mombasa jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tena Desemba hukawia kidogo. Sharqiya, mwanzoni mwa Desemba, jua huzama kama saa 11:20 jioni. Mwanzoni mwa Machi ni kama saa 12:10. Saa za Oman pia ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Nimeona kadi za mwaliko zilizochapwa “saa kumi na mbili jioni, jangwani” kwa harusi ya Desemba. Wageni wangefika gizani.

Pili, mwanga mzuri wa picha ni ule wa dakika arubaini au hamsini za mwisho kabla ya jua kuzama. Mchana mchanga unang'aa pande zote, vilima vinaonekana bapa, watu wanakunja nyuso. Jua likiinama, kila wimbi la mchanga linapata kivuli chake na kilima kinapata umbo. Lakini muda huohuo ndio unaoishia kwenye adhana ya Magharibi, na wageni wenu wengi watataka udhu, maji na mahali pa kuswali. Mkiziba masikio mkaendelea na picha za ukoo, nusu ya ukoo haitakuwepo kwenye picha.

Kwa harusi ya Desemba mimi hupanga hivi. Wageni wanatoka Al Wasil saa 8 mchana na kufika kambini wakiwa na muda wa kunywa kahawa. Alasiri huingia karibu saa 9, wakishaswali, wanaketi. Hafla yenyewe, maneno ya wazee na dua vinamalizika saa 10 kasorobo, na hapo hapana hotuba ndefu, hata ya mjomba. Picha za ukoo zinafuata, kundi moja baada ya jingine, kwa orodha iliyoandikwa na kushikwa na mtu anayewajua wote kwa majina. Mpiga picha hajui yupi ni shangazi wa baba na yupi ni jirani. Kuanzia saa 10:30 maharusi wanakwenda kilimani na watu wawili watatu tu. Adhana ikiita, wameshamaliza. Baada ya sala kuna dakika kama ishirini ambapo mbingu ni buluu nzito na taa za mahema zimewashwa. Picha moja au mbili za wakati huo zinatosha kulipa safari nzima.

Kama mnaweza kulala kambini, na nasema mlale, wekeni picha za maharusi peke yao asubuhi inayofuata. Jua la Desemba na Januari huchomoza kama saa 12:40. Upepo wa usiku mara nyingi umeshafuta nyayo, wageni wamelala, na hakuna anayewaambia maharusi wasogee karibu zaidi.

Tunaweza kufunga nikahi hukohuko mchangani?

Kisheria ya dini, nikahi inataka walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Haitaki ukuta wala dari. Tatizo ni karatasi. Nchini Oman mambo ya ndoa yako chini ya Sheria ya Hali ya Mtu Binafsi ya mwaka 1997, na ndoa inahitaji kuandikishwa na mwenye mamlaka. Kumtoa mwenye kuandikisha mjini hadi vilimani kunawezekana kwa wenye jamaa wa kuwasemea. Kwa mgeni ni kazi ngumu isiyo na faida. Familia nyingi za Kiomani zenyewe hufunga nikahi msikitini au nyumbani, wanaume wakihudhuria, kisha sherehe inakuwa siku nyingine. Fuateni njia hiyo: nikahi Muscat, au Ibra, mji ulio njiani kuelekea jangwani, au nyumbani Afrika Mashariki, walima jangwani.

Kama mmoja wenu ni Mwomani na mwingine mgeni, fahamuni kuwa Amri ya Kifalme namba 23/2023 ililegeza masharti ya Waomani kuoa au kuolewa na wageni. Hata hivyo anzeni na wakili au ofisi husika kabla hamjalipa kambi.

Sisi ni Wakristo. Au tunataka ndoa ya serikali tu.

Fungeni ndoa nyumbani. Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, taarifa ya kusudio hutolewa walau siku 21 kabla; Kenya, ndoa ya kiserikali chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo ina taarifa ya siku 21. Oman, ibada za Kikristo hufanyika kwenye viwanja vya makanisa vilivyoruhusiwa, kama Ruwi na Ghala mjini Muscat, si popote mtakapo. Jangwani mtakuwa na karamu, maneno yenu ya ahadi na picha, na kambi iambiwe wazi tangu mwanzo mnachotaka kufanya.

Kuna ubaya gani kwenda wenyewe kwenye kilima kitupu, bila kambi?

Hakuna kilima kitupu. Anayeliona jangwa kuwa la bure hajalijua. Familia za Kibedui wana ngamia, mbuzi na makazi yao humo, na kila mmoja anajua eneo la malisho ni la nani. Ukishusha viti mia karibu na nyumba ya mtu bila salamu, umefanya utovu wa adabu ambao hata Kariakoo hautavumiliwa.

Kisha kuna mambo ya mwili: choo, maji, umeme, mahali bibi harusi pa kubadilishia nguo bila kuonwa. Kambi inavyo vyote. Mnaweza kufanyia sherehe hatua mia tatu kutoka mahemani, nyuma ya kilima, na kwenye picha hakuna atakayejua kwamba vyoo viko karibu. Kambi pia ndiyo itakayowaeleza kuhusu vibali vya muziki na mikusanyiko, kwani wao ndio wanaojulikana na wenye mamlaka.

Magari ya wageni?

Magari madogo yanaachwa Al Wasil au Bidiyah, na kambi inawavusha wageni kwa magari yenye nguvu magurudumu yote manne. Kijana yeyote anayesema “mimi nitapita tu” mnyang'anyeni funguo. Madereva wa huko hupunguza upepo wa matairi hadi kama PSI 15 au 18 kabla ya kuingia mchangani, hawaendi gari moja peke yake, na hubeba pampu ya kuujaza tena wakirudi lami. Gari likizama dakika arubaini kabla ya Magharibi na bibi harusi yumo ndani, picha zimekwisha.

Hesabuni mizunguko. Wageni sitini kwa magari manne si safari moja, ni nne, na wa mwisho kufika huwa ndio wazee kwa sababu ya adabu ya kusubiri. Wapelekeni wa kwanza.

Bibi yetu ana miaka zaidi ya themanini. Ataweza?

Ataweza, mkimpangia. Gari limfikishe hadi penye kiti chake. Miguu ya viti vya kawaida huzama. Tandikeni mikeka mizito au mazulia kwanza, ama tumieni viti vyenye sahani chini ya miguu. Mpeni shali nzito, jua likizama baridi huja ghafla. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki hemani. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Ibra, na namba ya dharura Oman ni 9999, ila mtandao wa simu hupotea katikati ya vilima, kwa hiyo muulizeni meneja wa kambi unaposhika.

Nyongeza moja: msimkatie bibi safari hiyo kwa kumwonea huruma. Familia nyingi zilizokwenda na kurudi kati ya Zanzibar na Oman asili yao ni Ibra na vijiji vya jirani, na wazee wa huko wanazungumza Kiswahili safi. Mara nyingi bibi ndiye anayejua nyumba ya babu yake ilikuwa mtaa gani, na picha zake akiwa mlangoni pa mtaa wa zamani zinaweza kuzidi thamani zote za kilimani.

Tuvae nini?

Kanzu ya Kiomani, joho, kilemba na jambia havina mpinzani kwenye mchanga. Jambia la Oman, khanjar, liko kwenye bendera ya taifa, na mwaka 2022 liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Likiwa la kukodi, mwambieni mwenye nalo kuwa linakwenda jangwani; mchanga huingia kwenye ala. Bwana harusi asilichomoe kwa ajili ya picha. Halichezewi.

Kwa bibi harusi, gauni lenye mkia mrefu linapendeza upepo ukiwa mdogo na ni balaa ukiwa mkubwa. Shifoni nyepesi hupaa vizuri. Shanga nyingi na sufi hubeba mchanga hadi nyumbani. Rangi za maji ya bahari, zambarau na nyekundu iliyoiva hutoka vizuri dhidi ya uchungwa wa kilima. Krimu na dhahabu hupotea humo. Viatu vya kisigino viacheni Muscat, vaeni makubadhi au nendeni peku: jioni ya baridi mchanga ni laini na hauchomi. Kupe wa ngamia wapo kwenye vivuli vya miti, nge hutoka usiku, hivyo viatu vikung'uteni kabla ya kuvaa.

Upepo ukivuma je?

Utavuma. Kawaida hutulia alfajiri na kuamka mchana. Mchanga hutembea chini, usawa wa magoti, kwa hiyo mtu aliyesimama huweza kupigwa picha nzuri hata wakati aliyekaa anakula vumbi. Muwe na mahali pa pili, hema lililo wazi upande mmoja au ua wa kambi, na mtu mmoja mwenye sauti ya kuamua. Mkianza kupiga kura kati ya pande mbili za ukwe, jua litazama mkijadiliana.

Picha tulizoziona za watu wengine, nyuso zimetoka nyeusi na mchanga mweupe. Kwa nini?

Kwa sababu kamera imedanganywa na mchanga. Kamera ikiona mng'ao mwingi inadhani picha nzima ina mwanga wa kupita kiasi, inapunguza, na wa kwanza kuumia ni mwenye ngozi nyeusi. Mpiga picha anayezijua nyuso zetu hupima mwanga usoni, si mchangani, akaongeza hatua moja au zaidi. Ikiwa jua liko nyuma ya maharusi, atatumia ubao mweupe au fleshi ndogo kujaza uso. Muombeni awaonyeshe kazi aliyowapiga watu weusi juani. Picha za ukumbini hazitawaambia lolote.

Mambo mengine ya kumuuliza: ana kamera mbili zenye lenzi tofauti, ili asifungue lenzi kwenye upepo? Ana mifuko ya kufungia vifaa, brashi na pampu ndogo ya kupulizia? Atawapitisha watu upande gani wa kilima? Hili la mwisho ndilo linalowatofautisha wazoefu. Kilima kikikanyagwa hakirudi safi jioni hiyo. Mzoefu huchagua kilima cha picha mapema, anaufungia upande wenye mwanga, na watu wote, pamoja na watoto, wanapita nyuma. Watoto wapeni kilima chao.

Tumlete mpiga picha wetu kutoka nyumbani?

Faida ni kwamba anawajua na mnaelewana lugha. Hasara ni kwamba viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hivyo ulizeni kwanza. Njia ya kati niipendayo ni kumchukua mpiga picha wa Oman kwa siku ya sherehe, na rafiki mwenye kamera kwa picha za pembeni. Soketi za Oman ni zilezile za pini tatu bapa za kwetu, chaja zitaingia bila kibadilishi. Umeme wa baadhi ya kambi ni wa jenereta na huzimwa usiku; betri zijazwe mapema.

Droni?

Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman kabla ya kurushwa, na isiyo na karatasi inaweza kubaki forodhani. Tumieni mwenye kibali wa hukohuko. Mpeni dakika kumi, kabla au baada ya hafla. Mlio wake huua dua, na huwatimua ngamia.

Na ngamia?

Kodini kutoka kwa mwenyewe, akae naye yeye. Bibi harusi asimame pembeni akishika kamba: picha ni nzuri vilevile na hakuna anayeanguka. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na aliyevaa gauni hana pa kushika.

Chakula?

Shuwa, nyama iliyotiwa viungo na kuzikwa shimoni kwenye makaa kwa siku nzima au mbili. Iagizwe mapema, hailetwi kwa kupiga simu asubuhi. Haluwa na kahawa vinapatikana kila mahali. Jikoni nyingi za kambi hazijui pilau yetu. Mpishi wa Kizanzibari yupo Muscat, mleteni, na mwambieni apike chini ya hema lenye kuta. Pilau yenye mchanga haisahauliki.

Mapambo na taka?

Taa, mazulia, mito na moto wa kuni za kununuliwa vinatosha. Achaneni na pambo la karatasi zinazorushwa, puto na vimulimuli vya plastiki. Ngamia hula plastiki, hujazana tumboni kama jiwe, na hufa. Miti ya ghaf msiikate wala msiifunge mapambo ya waya. Mpeni mtu mmoja mwenye mifuko kazi ya kupita asubuhi, mchanga ukiwa na mwanga wa pembeni. Kila kipande huonekana kwa kivuli chake.

Ibra inafaa kusimama njiani?

Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake: wanja, manukato, vitambaa, mapambo ya fedha. Wanaume wabaki nje na kamera zibaki kwenye mabegi. Mitaa ya zamani ya Ibra, yenye milango mizito na majumba yaliyojengwa enzi za biashara na Afrika Mashariki, ni mahali pazuri pa picha za maharusi asubuhi, alimradi mnaomba ruhusa mnapokuta watu. Wadi Bani Khalid, yenye mabwawa ya maji, iko mbele zaidi, ukishapita Bidiyah. Nguo za heshima hata majini.

Nani atakuwa na picha za wanawake, na zinaweza kuwekwa mtandaoni?

Amueni kabla ya siku yenyewe, kwa maandishi. Kama upande wa wanawake watakaa peke yao bila mabuibui, mpiga picha awe mwanamke, msaidizi wake pia, na anayehariri pia; wengi husahau huyu wa tatu. Simu za wageni zikusanywe mlangoni na mtu mzima anayeheshimiwa, si binti wa miaka kumi na tano. Sheria ya makosa ya mtandao ya Oman ya mwaka 2011 inaadhibu kuingilia faragha ya watu kwa simu na kamera, na mtu wa njiani, Mbedui au mfanyakazi wa kambi, analindwa nayo sawasawa na mgeni wenu. Kwenye mkataba andikeni mambo matatu: picha zipi mpiga picha anaruhusiwa kuzionyesha kama matangazo yake, lini atafuta nakala alizobaki nazo, na nani upande wenu anapokea kadi za kumbukumbu. Kwa picha za wanawake, huyo huwa mama wa bibi harusi, naye huzipokea kabla gari halijaondoka kambini.